Mguu wa rubani na vali ya usukani

Jioni ya Alhamisi, tarehe 8 Septemba 1994, ndege ya abiria aina ya Boeing 737-300 ya shirika la USAir, safari namba 427 kutoka Chicago, ilikuwa ikishuka taratibu kuelekea Pittsburgh katika jimbo la Pennsylvania. Anga ilikuwa safi, marubani wote wawili walikuwa na uzoefu wa kutosha, na zilikuwa zimebaki dakika chache tu kabla ya kutua. Ikiwa kwenye futi 6,000 ilitikisika kidogo, ikalalia upande wa kushoto, ikaonekana kama inataka kujirudisha, kisha ikalala kushoto zaidi, ikapinduka na kuinamisha pua mpaka ikawa inaelekea ardhini karibu wima. Tangu mtikisiko wa kwanza hadi ilipogonga kilima chenye miti karibu na mji wa Aliquippa, zilipita sekunde 28 hivi. Watu wote 132 waliokuwemo walikufa.

Nimeisoma habari ya ajali hii mara nyingi kuliko ninavyoweza kumweleza mke wangu, ambaye huniuliza kwa nini mtu anayeogopa kupanda ndege anakesha akisoma ripoti za ndege zilizoanguka. Jibu langu la kweli halihusu ndege. Nilifanya kazi miaka kumi na moja nikiwa fundi wa haidroliki, yaani mifumo inayosukumwa na oili yenye shinikizo, za mitambo ya ujenzi, eskaveta na greda zaidi, na katika miaka hiyo kulitokea jambo moja dogo ambalo sijawahi kulimaliza moyoni. Nitalieleza, lakini kwanza nimalize ya ndege, kwa sababu bila kuielewa vali ya ndege ile hamtanielewa nami.

Kwa Kiswahili tuna bahati ya kuwa na neno sahihi. Madereva wameliteka neno usukani wakalifanya kuwa gurudumu la kushika kwa mikono, lakini baharia wa jahazi anajua kwamba usukani ni ule ubao wa nyuma majini, unaogeuza chombo kwa kuyakinga maji upande mmoja. Ndege nayo ina usukani wa namna hiyo hiyo, ubao wima ulioning'inizwa kwenye mkia, na rubani huugeuza kwa pedali mbili za miguu: ukikanyaga ya kulia, pua inakwenda kulia. Katika ndege ya abiria mguu hautoshi kuusukuma ubao huo dhidi ya upepo, kwa hiyo pedali hupeleka amri tu, na kazi nzito hufanywa na oili yenye shinikizo kubwa. Katikati ya amri na nguvu hukaa vali. Vali ndiyo mlinzi wa mlango: inaamua oili iingie chumba cha kushoto cha silinda au cha kulia. Mtu yeyote aliyewahi kufungua mtambo wa haidroliki anajua kwamba mlinzi huyu akikosea, mtambo wote unatii makosa yake kwa nguvu zote.

Uchunguzi ulikuwa chini ya Bodi ya Taifa ya Usalama wa Usafiri ya Marekani, inayojulikana kama NTSB, na aliyeongoza kazi alikuwa Tom Haueter. Kule kilimani hakukuwa na ndege ya kutazama. Ilikuwa imegonga ardhi kwa kasi ya karibu kilomita 480 kwa saa, pua ikiwa chini, na kilichobaki kilikuwa vipande vilivyosambaa msituni pamoja na mabaki ya watu, kiasi kwamba eneo lilitangazwa kuwa la hatari kwa afya na wachunguzi wakalazimika kuvaa mavazi ya plastiki ya kufunika mwili mzima katika joto la Septemba. Mabaki yakaokotwa, yakaoshwa, yakapelekwa kwenye banda kubwa na kupangwa. Huko ndiko kilikopatikana kifaa cha kusukuma usukani, na ndani yake vali yake, ambayo ukubwa wake haupiti kopo la soda.

Kisanduku cheusi kilipatikana pia, na hapa ndipo mambo yalipoanza kuwa magumu. Ndege za umri ule zilikuwa na kinasa data chenye vipimo vichache zaidi ya kumi: kasi, kimo, mwelekeo wa pua, mlalo wa mabawa, mkao wa wenzo wa kuinua na kushusha pua, na vingine vichache. Hakikurekodi usukani uligeuka kiasi gani. Hakikurekodi pedali zilikanyagwa au hazikukanyagwa. Yaani vitu viwili ambavyo kila mtu alitaka kuvijua havikuwa kwenye orodha, na hiyo haikuwa hitilafu. Ndivyo sheria ilivyoruhusu wakati huo. Wachunguzi walibaki na mwelekeo wa pua uliobadilika ghafla kwa kasi isiyo ya kawaida, na kutokana na huo wakalazimika kukokotoa kinyumenyume: ili pua ya ndege yenye uzito ule ivutwe kushoto haraka namna ile, usukani lazima uwe umegeuka kiasi gani? Hesabu ilirudi na jibu moja, kwamba uligeuka kushoto hadi mwisho kabisa, kadiri upepo ulivyouruhusu kufika, na ukabaki huko.

Mtikisiko wa kwanza ulipata maelezo mapema. Mbele yao, umbali wa maili nne hivi, ilikuwa imepita Boeing 727 ya shirika la Delta, na kila ndege huacha nyuma ya ncha za mabawa yake hewa inayozunguka kama vimbunga viwili vilivyolala. USAir 427 iliingia kwenye hewa hiyo. Watu wengi wangeishia hapo: ndege imekanyaga mkia wa hewa ya mwenzake, imepinduka, basi. Lakini mwaka 1995 wachunguzi walikwenda Atlantic City, wakachukua 727 na kuifunga mitambo ya kutoa moshi mabawani ili vimbunga vionekane kwa macho, kisha wakairusha 737 ndani ya moshi huo mara nyingi, kutoka kila upande. Ndege ilitikisika, ikalala, na kila mara rubani akairudisha bila jasho. Hewa ile ilitosha kuwashtua marubani wawili. Haikutosha kuwaua.

Kwa hiyo swali likabaki jembamba kama uzi. Usukani ulikwenda kushoto na kukaa huko. Nani aliupeleka?

Majibu yaliyowezekana yalikuwa mawili, na kila moja lilikuwa na mwenye nalo. Boeing walisema vali haina kasoro yoyote iliyoonekana, na kwamba yaelekea rubani msaidizi, ambaye ndiye aliyekuwa akiiendesha ndege, alishtushwa na hewa ile, akakanyaga pedali ya kushoto mpaka mwisho, na asiondoe mguu. Chama cha marubani kilisema hakuna rubani mwenye akili zake anayekanyaga kushoto huku ndege inapindukia kushoto, na kwamba vali ndiyo iliyokwama. Mmoja alimshtaki marehemu, mwingine alikishtaki chuma, na wala marehemu wala chuma hawakuweza kusema.

Chuma kilipimwa kwanza. Vali ilifunguliwa, ikatazamwa kwa hadubini, ikafungwa tena, ikawekwa kwenye benchi la majaribio, ikapewa oili na amri. Ikafanya kazi. Haikuwa na mkwaruzo wa kuonyesha kwamba kipande cha chuma au takataka kiliwahi kuikwamisha. Naomba msomaji asipite haraka hapa, maana hili ndilo lililonikamata mimi. Vali ilikuwa imeanguka kutoka futi 6,000 ndani ya ndege iliyosambaratika, na bado ilifaulu mtihani. Kwa fundi yeyote wa kawaida, nikiwemo mimi wa wakati huo, hapo ndipo kesi inapofungwa: kifaa kizima, basi kosa ni la mtumiaji.

Lakini Haueter na wenzake walikuwa na kumbukumbu ya Colorado Springs. Tarehe 3 Machi 1991, Boeing 737-200 ya United, safari namba 585, ilikuwa inakaribia kutua katika mji huo chini ya milima ya Rocky, ikapinduka ghafla kulia, ikaanguka kwenye bustani ya umma na kuua wote 25 waliokuwemo. Siku chache kabla, marubani wengine wa ndege hiyo hiyo walikuwa wameripoti usukani kusogea wenyewe, na mafundi wakabadilisha vipuri. Siku ya ajali kulikuwa na upepo mkali wa mlimani, na upepo huo ukawa mshukiwa mkubwa. Baada ya miezi 21 bodi ilitoa ripoti iliyokiri kwamba haikuweza kuthibitisha chanzo, jambo ambalo wachunguzi hawapendi kuliandika kama vile daktari asivyopenda kuandika kwamba hajui mgonjwa wake kafa na nini.

Halafu, Julai 1992, rubani mmoja wa United akiwa bado ardhini katika uwanja wa O'Hare mjini Chicago, akijaribu vidhibiti kabla ya kuruka kama kanuni inavyotaka, alihisi pedali ya kushoto inagoma. Akarudisha ndege. Kifaa kikang'olewa na kupimwa, na ikaonekana kwamba vali yake, sehemu yake ikipitiliza kikomo chake, ingeweza kupeleka oili upande usiotakiwa. Mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, FAA, ikaagiza mapema mwaka 1994 kwamba vali zirekebishwe, na ikayapa mashirika miaka mitano. Miaka mitano! Ndege za aina hii zilikuwa maelfu duniani. Hata sisi tulikuwa nazo, zile 737-200 za Air Tanzania ambazo nilikuwa nikizisikiliza zikitua Mwanza nikiwa mtoto, na Kenya Airways nao walikuwa na zao. Hata hivyo kasoro ya O'Hare ilihusu sehemu tofauti ya vali, kwa hiyo haikutosha kueleza kilichotokea karibu na Aliquippa. Ilitosha tu kuonyesha kwamba neno "haiwezekani" lilikuwa limeshavunjika mara moja.

Sasa niieleze vali yenyewe, kwa sababu ni kazi nzuri sana ya mikono, na uzuri wake ndio uliokuwa mtego. Ndani ya kasha la chuma kuna mrija unaoteleza mbele na nyuma. Ndani ya mrija huo kuna mrija mwingine mwembamba zaidi, nao unateleza. Yote miwili ina matundu, na kasha lina matundu, na oili hupita pale tu matundu yanapokutana. Rubani akikanyaga pedali polepole, mrija wa ndani ndio unaosogea peke yake. Akikanyaga kwa nguvu zaidi, ule wa nje nao unafuata ili oili ipite kwa wingi. Nafasi iliyopo kati ya mrija na mrija ni nyembamba kuliko unywele, maana ikizidi oili itavuja. Waliobuni walikuwa na hoja ya busara: mmoja ukikwama, mwingine utasogea upande wa pili na kuuzima ule uliokwama, na usukani utabaki katikati au karibu na hapo. Ndiyo maana 737, tofauti na ndege nyingine kubwa, iliruhusiwa kuwa na kifaa kikuu kimoja cha kusukuma ubao mmoja wa usukani. Vali mbili ndani ya moja, walisema, na kwenye karatasi ilikuwa kweli.

Mwaka 1996 ulileta kitu ambacho wachunguzi wa ajali hupata kwa nadra: shahidi aliye hai. Tarehe 9 Juni, 737-200 ya shirika dogo la Eastwind, safari namba 517 kutoka Trenton kwenda Richmond, ikiwa na watu 53, ilivutwa ghafla kulia ikiwa inashuka usiku. Rubani akakanyaga pedali ya kushoto. Akaeleza baadaye kwamba ilikuwa ngumu na haikuingia kama kawaida. Akageuza gurudumu la mkononi linaloamuru vibao vya mabawani, akaongeza nguvu ya injini ya upande mmoja, na ndege ikapigana naye, ikaacha, ikarudia, ikaacha tena. Wakatua salama. Kifaa kilikuwa kizima, kinasa data kilikuwa kizima, na rubani aliweza kukaa kitini na kueleza alichokihisi kwenye nyayo zake.

Kwa nini wale wa Eastwind waliishi na wa USAir wakafa? Jibu lilikuwa kwenye kasi. Vibao vya mabawani, ambavyo rubani huvigeuza kwa mikono, vina nguvu zaidi kadiri ndege inavyokwenda kasi. Usukani ukigeuka hadi mwisho, ipo kasi fulani ambayo juu yake mikono inaushinda usukani, na chini yake usukani unaishinda mikono. Eastwind ilikuwa ikienda karibu kilomita 460 kwa saa, juu ya mstari huo. USAir 427 ilikuwa kwenye kilomita 350 hivi, karibu kabisa na mstari wenyewe, na marubani, wakiona ardhi inajaa kioo cha mbele, walivuta wenzo kuinua pua, jambo ambalo liliisukuma ndege upande mbaya wa mstari na kuyafanya mabawa yapoteze uwezo wa kubeba. Hawakuwa wamefundishwa kwamba mstari huo upo. Ili kujiokoa wangelazimika kuishusha pua iliyokuwa tayari inaelekea chini, wapate kasi kwanza, na wawaze yote hayo ndani ya sekunde chache. Nimejaribu kulipitia hilo nikiwa nimekaa sebuleni kwangu na chai mezani, na bado mkono wangu unavuta.

Mnamo Oktoba 1996 lilifanyika jaribio ambalo ndilo hasa lililonifanya nisome ripoti yote. Wachunguzi walikichukua kile kifaa cha USAir 427, wakakipoza mpaka nyuzi 40 chini ya sifuri, kama kinavyoweza kupoa mkiani kwenye anga za juu, kisha wakakiingizia kwa ghafla oili ya moto, kana kwamba pampu imepata joto kupita kiasi. Chuma cha ndani kinachokutana na oili kwanza kinatanuka kabla ya kasha la nje kupata habari. Mrija wa nje ukakwama kwenye kasha. Baada ya muda mfupi joto likasawazika, mrija ukaachia. Walipofungua na kutazama kwa hadubini, hapakuwa na alama. Kifaa kipya kutoka kiwandani kilipopewa adhabu ile ile, hakikukwama. Kile cha ajali kilikuwa na nafasi nyembamba zaidi kati ya vyuma vyake.

Katika majibu ya jaribio hilo kulikuwa na jambo ambalo halikuonekana siku ya kwanza. Mhandisi mmoja wa Boeing, kampuni ambayo ilikuwa na kila sababu ya kutolitafuta, alipokuwa akizipitia takwimu za oili aliona mtiririko usioeleweka. Aliufuatilia kwenye michoro na baadaye kwenye benchi, na kilichopatikana ni hiki: mrija wa nje ukikwama nje kidogo ya katikati, na rubani akakanyaga pedali kwa nguvu kubwa, mrija wa ndani unapitiliza mwisho wake uliokusudiwa, na matundu yanakutana na matundu yasiyo yake. Oili inaingia chumba kisicho chake. Rubani anakanyaga kulia, usukani unakwenda kushoto, na kadiri anavyozidi kukanyaga kulia ndivyo unavyozidi kung'ang'ania kushoto. Boeing waliliarifu shirika la FAA, na Januari 1997 Makamu wa Rais wa Marekani, Al Gore, alitangaza mwenyewe kwamba vali za ndege zote za aina hiyo zitabadilishwa.

Hata hivyo vita havikuisha, na kwa haki kabisa. Jaribio lile lilikuwa la kupita kiasi, na bodi yenyewe ilikubali kwamba tofauti ya joto kubwa namna ile haitarajiwi katika safari ya kawaida. Kuonyesha kwamba jambo linawezekana si kuonyesha kwamba lilitokea. Wachunguzi wakarudi kwa binadamu. Walikirudia kinasa sauti na kusikiliza, si maneno, kwani maneno yalikuwa machache, bali pumzi. Wataalamu wa sauti walipima miguno ya rubani msaidizi katika zile sekunde za mwanzo, wakaikuta ni ya mtu anayesukuma kitu kizito kisichokubali, kama anayejaribu kufungua mlango uliofungwa kwa nje. Pedali inayokanyagwa na vali ikaitii haigunishi mtu. Pedali inayorudi juu dhidi ya mguu inagunisha. Kisha wakalinganisha hesabu za mwendo wa ndege zote tatu, Colorado Springs, Pittsburgh na Richmond, na kuona kwamba maelezo ya usukani kwenda kinyume yanaitosha kila moja, wakati maelezo ya mguu wa rubani yalihitaji marubani watatu tofauti, katika miji mitatu tofauti, wafanye kosa lile lile la ajabu, na mmoja wao alikuwa hai akikana.

Tarehe 24 Machi 1999, miaka minne na nusu baada ya ajali, bodi ilipitisha ripoti yake. Ulikuwa uchunguzi mrefu kuliko wowote iliokuwa imewahi kuufanya. Ilisema kwamba usukani, kwa uwezekano mkubwa zaidi, uligeuka kinyume cha amri ya marubani kwa sababu ya kukwama kwa mrija wa nje wa vali na kupitiliza kwa ule wa ndani. Mwaka 2001 waliifungua tena ripoti ya Colorado Springs na kuandika chanzo hicho hicho mahali palipokuwa pameachwa wazi. Mwaka 2002 FAA iliagiza mfumo mzima wa usukani wa 737 ubuniwe upya, vali zitenganishwe badala ya kukaa moja ndani ya nyingine, na kazi hiyo ikamalizika kufikia mwaka 2008. Marubani walifundishwa mstari wa kasi. Vinasa data viliongezewa vipimo, na usukani na pedali vikiwemo.

Wapo wanaoyakejeli maneno "kwa uwezekano mkubwa zaidi". Wanasema pesa zote zile, miaka yote ile, na bado wanabahatisha. Mimi naona kinyume. Ni maneno ya watu waliojua kipimo cha ushahidi wao, wakakataa kukipandisha wala kukishusha. Walichokikataa kwa nguvu ni ile njia rahisi ya kusema kwamba, kwa kuwa kifaa kimefaulu benchi, aliyekosea ni yule asiyeweza kujitetea. Tabia hiyo haikuishia miaka ya tisini. Ndege ya Lion Air ilipoanguka Indonesia Oktoba 2018 na kuua watu 189, hawakukosekana waliowanyooshea vidole marubani wa nchi maskini. Kabla miezi mitano haijaisha, tarehe 10 Machi 2019, ndege ya aina ile ile ya Ethiopian Airlines iliyokuwa inakuja Nairobi ilianguka dakika chache baada ya kuruka, ikaua watu 157, kati yao Wakenya 32, na programu ya kuinamisha pua ambayo marubani wengi hawakuwa wameambiwa kwamba ipo ikawa habari ya dunia nzima.

Sasa lile langu. Tulikuwa tunajenga barabara, mahali ambapo sitapataja, chini ya mkandarasi ambaye sitamtaja. Mwendesha eskaveta alikuwa mtu mzima tuliyemwita Mjomba, mpole, asiyekunywa, aliyefuta vioo vya mtambo wake kila asubuhi kwa kipande cha kanga. Siku moja mchana wa jua kali mkono wa eskaveta uliendelea kushuka baada ya yeye kuachia wenzo, ukaliponda gari dogo la kazi lililoegeshwa pembeni. Hakuumia mtu. Mjomba akasema wenzo ulikuwa katikati na mkono ukaendelea. Niliagizwa kuikagua vali. Niliifungua jioni, chuma kikiwa kimepoa, nikaichomoa spuli, kile chuma kinachoteleza ndani ya vali, nikaiosha kwa dizeli, nikaitazama kwenye mwanga wa tochi. Haikuwa na mkwaruzo. Nikairudisha, nikawasha mtambo, nikainua na kushusha mkono mara ishirini au zaidi. Ukatii kila mara. Nikaandika kwenye karatasi sentensi moja: vali ni nzima. Sikusema uongo. Mjomba akaondolewa kazini.

Nilipoifikia sehemu ya joto na baridi katika ripoti ya USAir 427, niliifunga kompyuta nikatoka nje. Sijui kama spuli ile ilikwama kwa joto la mchana ule, na sasa haiwezi kujulikana, mtambo ulishauzwa kama chuma chakavu. Ninachojua ni kwamba niliipima vali ya saa nane mchana katika hali ya saa moja usiku, na sikuliandika hilo kwenye karatasi.

Mwaka jana nilipata namba yake kwa mtoto wake. Nikapiga.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba, mjomba. Wewe ni yule fundi?"

Nikamweleza yote, ndege, vali, oili ya moto, mguno kwenye kinasa sauti. Alisikiliza bila kunikatiza, huku nyuma yake nikisikia kuku na redio. Nilipomaliza alinyamaza kidogo, halafu hakuniuliza habari ya eskaveta wala karatasi yangu. Aliuliza kama yule rubani msaidizi alikuwa na familia, na kama waliambiwa kwamba hakukanyaga kushoto.

Nikamwambia iliandikwa hadharani, baada ya miaka minne na nusu.

"Basi vizuri," akasema, na akaniuliza mvua huku kwetu imenyesha kiasi gani.